Chai ya Krismasi ya mavyaa: ndugu wanataka shamrashamra, majirani wameanza kukaa mbali

SWALI

Somo yetu,

Baada ya salamu na heshima, naandika mapema kwa sababu jambo langu likiachwa mpaka Desemba litaharibika kama lilivyoharibika mwaka uliopita.

Nimeolewa katika ukoo wa Kianglikana wa Mbweni, hapa Unguja, miongoni mwa koo ambazo wazee wake walitokana na watu waliokombolewa utumwani na kupewa makaazi kwenye ardhi ya misheni katika karne ya 19. Mavyaa wangu, Mungu ampumzishe pema, alikuwa na desturi yake ya Krismasi ambayo mtaa mzima uliijua. Asubuhi tulikwenda kusali, mchana tulikula pilau watu wa nyumba peke yetu, na baada ya alasiri alitandika mikeka na kupanga viti uani, chini ya mwembe, akawakaribisha ndugu na majirani kwa chai. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu, na hata ndani ya ukoo Waislamu wapo, kwa kuwa mmoja wa mawifi zangu aliolewa na Muislamu akasilimu, na watoto wake wamelelewa katika dini hiyo. Palikuwa na chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, chai ya rangi yenye mchaichai, vitumbua, katlesi, sambusa, vileja, mkate wa kumimina, pamoja na keki ya zabibu ambayo mavyaa alifundishwa na masista wa misheni alipokuwa msichana. Miaka ile ya 1998 hadi 2000, Krismasi ilipoangukia ndani ya Ramadhani, yeye mwenyewe aliamua kwamba chai isimiminwe mpaka adhana ya magharibi isikike, akaongeza tende na muhogo wa nazi ili waliofunga wafuturu palepale.

Tangu alipofariki, kazi hiyo imeniangukia mimi, na sasa imekuwa mzigo. Wifi yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, huvuka kwa boti kila Krismasi pamoja na watoto wake na marafiki wa watoto, na kwa maoni yake chai ya uani ni Krismasi ya kinyonge. Mwaka jana alikuja na spika kubwa na makreti ya bia, akaagiza nyama ichomwe uani, na muziki ulianza wakati majirani wanaingia na sahani zao zilizofunikwa kwa kawa. Waliketi kidogo kwa adabu, kisha wakaaga kabla vikombe havijapita. Bibi mmoja aliyekuwa shoga wa mavyaa, na ambaye ndiye aliyesaidiana nasi kumuuguza hadi mwisho, hajaingia tena uani kwangu tangu siku ile, ingawa tukikutana dukani tunasalimiana vizuri. Nimesikia pia kwamba mwanawe amemwambia kuwa kuhudhuria chai ya Krismasi ni kushiriki ibada ya wengine, kwa hiyo sijui kama kilichomweka mbali ni bia, ni dini, au ni vyote viwili.

Nilipomweleza wifi haya, alinijibu kwa methali: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Kwake yeye Krismasi ni ya ndugu, na jirani asiyependa na abaki kwake. Mwaka huu ameshafungua kundi la WhatsApp la ukoo na kupanga mchango wa turubai, muziki na sare ya kitenge, na wale wasiokuwa na uwezo wameanza kunipigia simu kwa siri wakisema hawatakuja. Kijana wangu wa kwanza naye ni mhudumu wa hoteli Paje, na tarehe 25 hapati ruhusa kwa kuwa huo ndio wakati wageni wanapojaa. Nikimwomba mume wangu azungumze na dada yake, husema mambo ya chai ni ya wanawake.

Naomba unishauri. Je, niiache chai hii ife na mwenyewe aliyeianzisha? Niwaandalie ndugu siku moja na majirani siku nyingine? Au nimkubalie wifi, ambaye ni mkubwa kwangu, nisije nikaonekana nimewatanguliza watu baki mbele ya ndugu wa mume wangu?

Mkamwana wa Mbweni

JIBU

Mwanangu, chai usiiache, lakini iondoe tarehe 25 uiweke tarehe 26. Naanza na jibu lenyewe kwa sababu barua yako inaonyesha kwamba muda wa kupanga upo, na kila siku inayopita bila uamuzi kutoka kwako inampa wifi nafasi ya kuamua kwa niaba ya nyumba nzima.

Tatizo lililotokea mwaka jana, kwa ninavyolisoma, ni kwamba shughuli mbili ziliwekwa katika uwanja mmoja na katika saa moja. Ya kwanza ni karamu ya ukoo, yenye nyama, muziki na watu waliosafiri wakiwa na hamu ya kufurahi, na hiyo si dhambi ya mtu. Ya pili ni chai ya mavyaa wako, ambayo ni ziara ya watu wanaoishi pamoja mwaka mzima, na ambayo mwendo wake ni wa kuketi, kuulizana hali na kumimina kikombe cha pili. Shughuli hizi zikipewa saa moja, ile yenye sauti kubwa itaishinda nyingine kila mara, hata kama hakuna aliyekusudia kumfukuza mtu. Kwa hiyo tenganisha shughuli, lakini usitenganishe watu. Wazo lako la kuwapa ndugu siku yao na majirani siku yao silikubali hata kidogo, kwa sababu ndani ya ukoo wenu yuko wifi aliyesilimu na watoto wake. Utamwandika katika orodha ipi? Ukimweka kwa ndugu, utamkalisha mbele ya bia. Ukimweka kwa majirani, umemwambia mtoto wa mavyaa kwamba yeye ni mtu wa mtaani. Waite wote katika siku zote mbili, kila mmoja ajue kitakachokuwapo, na aje pale anapoona roho yake inatulia.

Tarehe 26 inakufaa kwa sababu nyingi. Krismasi ya mwaka huu wa 2026 inaangukia Ijumaa, siku ambayo majirani zako wana sala ya mchana na shughuli zao za majumbani, wakati kesho yake ni Jumamosi na tena ni siku ya mapumziko ya taifa. Kwa upande wa kanisa lenu hakuna kinachopotea, kwa kuwa msimu wa Krismasi hauishi jioni ya tarehe 25. Unaendelea hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Usiivute chai mpaka huko mwisho, hata hivyo, kwa sababu Krismasi hii itakuwa ndani ya mwezi wa Rajabu, na Miraji, kwa hesabu za kalenda, itakuwa mwanzoni mwa Januari, wakati nyumba nyingi za jirani zitakuwa na kisomo. Kumbuka vilevile kwamba wapo wanaofunga sunna katika Rajabu, hivyo mgeni akikataa kikombe usimbembeleze. Mfungie sahani yake aende nayo akafuturu.

Kijana wako wa Paje na amwombe msimamizi wake ofu ya tarehe 26 tangu sasa, kabla ratiba ya Desemba haijapangwa, kwa sababu hotelini mwenye kuomba Oktoba husikilizwa na mwenye kuomba Krismasi imeshaingia huambiwa avumilie. Akikosa ofu nzima, aombe zamu ya asubuhi, apande daladala akimaliza, na hata akifika watu wanakaribia kuagana atakuwa ameonana na ndugu zake. Vijana wengi wa visiwa hivi wanaofanya kazi katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje hawana Krismasi ya tarehe 25 kabisa, na familia zao zimeshazoea kuihamisha. Nyinyi si wa kwanza.

Sasa niseme juu ya yule bibi, maana naona ndiye anayekuuma zaidi kuliko turubai na kitenge. Mimi ni Muislamu, na nimekunywa chai ya sikukuu katika nyumba za Wakristo wa mjini tangu ujana wangu, kwa hiyo nalijua jambo hili kwa upande wa mgeni. Wanavyuoni wetu wana maneno tofauti kuhusu sikukuu za dini nyingine. Wapo wanaozuia kabisa kuhudhuria au kupongezana, na wapo wanaoona kwamba kumtembelea jirani na kula chakula chake ni katika ujirani mwema, na kwamba ibada ni jambo jingine. Chakula cha watu waliopewa Kitabu kimehalalishwa katika Surat al-Maida, aya ya 5, na haki ya jirani ni jambo ambalo hakuna anayelibisha. Mjadala upo katika siku yenyewe na maana yake. Mjadala huo si wako, wala si wa safu hii. Mtoto wa bibi huyo amemwambia mama yake analoliamini, na ukianza kushindana naye kwa aya na hadithi utamlazimisha bibi kuchagua kati ya mwanawe na wewe, na unajua atamchagua nani.

Unachoweza kufanya ni kumwekea njia pana ya kupita. Chai ikiwa tarehe 26, ikiwa haina wimbo wa ibada wala sala ya pamoja mbele ya wageni, mtu mwenye shaka anapata nafasi ya kuja bila kujiona amevuka mpaka wa dini yake. Sala ya shukrani isomeni nyinyi wenyewe sebuleni kabla mlango wa uani haujafunguliwa. Lakini nakukataza kufanya ujanja: usiibatize chai hiyo jina jingine ili wageni waje bila kujua, usiseme ni hitima au ni kumkumbuka mavyaa tu, na usiufiche mti wa mvinje mlioupamba sebuleni. Nyumba ni ya Wakristo na kila anayebisha hodi anaijua. Mgeni aliyedanganywa akaingia, siku akigundua, hukasirika zaidi kuliko yule aliyeambiwa ukweli akakataa.

Nenda kwa bibi mwenyewe, Novemba, wakati ambao hakuna sikukuu ya mtu yeyote. Nenda mikono mitupu au na kifurushi kidogo cha sukari kama mnavyofanyiana, mkae, na mazungumzo yakishachangamka umwambie kwamba yaliyotokea mwaka jana hayakumpendeza mwenye nyumba na hayatarudiwa uani. Usimuulize kwa nini haji, wala usimtaje mwanawe. Mwambie tu kwamba chai ya mwaka huu itakuwa Jumamosi baada ya alasiri, kwamba akija utafurahi, na kwamba asipopata nafasi sahani yake itamfuata nyumbani. Ukishasema hivyo, nyamaza. Kama siku yenyewe hakuja, mtume mtoto ampelekee sahani iliyofunikwa kwa kawa, bila ujumbe wowote wa kulaumu. Kwetu sahani hairudi tupu, na huenda ikarudi Idd ikiwa na maandazi na kaimati. Uhusiano wenu utakuwa umeendelea bila yeye kukanyaga uani, na hilo lisikuvunje moyo.

Katika vyakula ndimo imani ya mgeni inapojengwa au kubomoka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kuku wa katlesi na nyama ya sambusa zinunuliwe kwa mchinjaji Muislamu, au umwombe kijana wa jirani akuchinjie, na uwaambie wageni bila kungoja kuulizwa, kwa sababu wengi huona haya kuuliza na badala yake huishia kwenye vitumbua. Njia nyepesi zaidi ni kutengeneza katlesi za samaki na sambusa za mboga, kwa kuwa samaki hana suala la kuchinjwa. Ikiwa tarehe 25 kutakuwa na nyama ya nguruwe katika karamu ya wifi, sufuria, visu na mbao za kukatia ziwe mbali na za chai tangu mwanzo. Usitegemee kuziosha usiku. Jeli na peremende laini nyingi za watoto hutiwa jelatini, na asili yake mara nyingi haielezwi kwenye pakiti. Ziache, watoto wa Unguja wataridhika na kashata na ubuyu.

Keki ya masista ndiyo yenye mtihani. Keki ya zabibu ya Kiingereza kwa kawaida hulowekewa matunda yake katika brandi au pombe nyingine kali, na moto wa jiko hauiondoi yote. Ikiwa karatasi ya mapishi ya mavyaa inataka hivyo, loweka zabibu usiku kucha katika chai ya rangi nzito iliyochanganywa na maji ya machungwa, utie na maganda yake yaliyoparwa. Rangi itakolea vilevile na ladha haitakuwa pungufu. Vanila ya chupa nayo aghalabu huwa na alkoholi, na wapo wageni wanaolijua hilo, basi tumia iliki na kungumanga. Kwa maoni yangu, ambayo hukuniuliza, iliki inaifaa keki hiyo kuliko vanila.

Kwa chai yenyewe, tuseme umealika watu 40 na kila mmoja anakunywa vikombe viwili vya mililita 200. Hiyo ni lita 16, na hakuna sufuria moja ya nyumbani itakayoipika vizuri. Pika lita 10 za maziwa kwa mafungu mawili na lita 6 za rangi, uzitie katika chupa za chai ulizoazima kwa majirani na ndugu, maana hata kuazima chupa ni mwaliko. Tangawizi mbichi iliyotwangwa ichemke kwanza ndani ya maji pamoja na majani, ndipo maziwa yaongezwe, kwa kuwa ukiitia katika maziwa ambayo bado hayajachemka, maziwa hukatika na kazi yote ikapotea. Sukari iweke pembeni katika bakuli, kila mtu ajitilie mwenyewe; wazee wengi siku hizi wana kisukari, na aliyeandaliwa chai tamu hulazimika ama kuinywa ikamdhuru au kuiacha ikakuudhi.

Wageni waalike kwa saa kumi na nusu, watu wakiwa wameshasali alasiri, na chai imalizike kabla ya saa kumi na mbili na nusu, wakati magharibi inapokaribia. Mwisho ulio wazi husaidia pande zote: waendao msikitini hawaondoki kwa kuibia, na wewe unapata muda wa kupumzika kabla ya wageni wa Dar es Salaam hawajataka chakula cha usiku. Katika jambo la turubai, wifi yako ana haki. Mvua za vuli hazina mwisho unaojulikana kwa tarehe, na mwembe unaousifu huwa na maembe mabivu Desemba, ambayo hayachagui kichwa cha kuangukia. Turubai dogo ni hesabu nzuri, na mshukuru kwa kulifikiria, mbele ya watu.

Hapo ndipo pa kuanzia na wifi. Yeye ni mkubwa, anatumia fedha zake kuvuka bahari, na kwa miaka yote hii amekuwa akija katika nyumba ya mama yake kama mgeni wa mkamwana, jambo ambalo si jepesi kwa binti mkubwa. Mpe shughuli iliyo yake. Karamu ya mchana wa tarehe 25 iwe mikononi mwake kikamilifu: nyama achome yeye, chakula apange yeye, muziki achague yeye, sauti isiyovuka ukuta, na wanaokunywa bia wanywe ndani na makreti yaondoke usiku huohuo. Tarehe 26 uani hapaingii bia wala spika. Mstari huo usiulegeze hata akikasirika, kwa sababu ukiulegeza mara moja, neno ulilompa yule bibi Novemba litakuwa uongo.

Maneno hayo hayatakiwi kutoka kinywani mwako, ingawa mpango ni wako. Mkamwana akimwekea wifi masharti, yatasikika kama ubishi wa wanawake wawili, na ukoo utagawanyika kufuata nani anampenda nani. Aseme mumeo. Mpe gazeti hili alisome, nami namwambia: bwana, hili si jambo la chai, ni jambo la nyumba ya mama yako na jina lake mtaani, na anayeweza kumwambia dada yako ukweli bila kuitwa mgeni ni wewe. Akisita, mtafuteni shangazi yenu au mzee mwingine wa ukoo ambaye wote wawili wanamwamkia, akae nao pamoja kabla ya mwisho wa Novemba. Jambo likifika kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kuzungumzwa ana kwa ana au angalau kwa simu, litakuwa limeshaharibika.

Ile methali aliyokupa ni ya kweli, na usiibishe. Lakini yeye anaisema akiwa Dar es Salaam. Wewe unaishi Mbweni, ambako usiku wa homa anayesikia mlango ukigongwa ni jirani, na barua yako mwenyewe inasema nani alisaidia kumuuguza mama yao. Mume wako anaweza kumkumbusha hilo dada yake kwa upole, bila kulifanya kuwa deni.

Na neno lake kwamba chai ya uani ni Krismasi ya kinyonge, hilo nalikataa kwa niaba ya kisiwa. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, mwaka uleule Sultan Barghash alipotia saini mkataba uliofunga soko la watumwa, na kanisa lenyewe likajengwa mahali lilipokuwa soko hilo. Wazee wa Mbweni ni watu wa historia hiyo. Krismasi yao haikungoja spika kutoka ng'ambo ya bahari ndipo iwe Krismasi, na wakati huo wote walisherehekea wakiwa wachache kati ya Waislamu wengi, katika nyumba zilizopakana ukuta kwa ukuta. Chai ya mavyaa wako imetokana na maisha hayo. Tena itahitajika: kwa hesabu za kalenda, mwaka 2031 na 2032 Krismasi itaingia tena ndani ya Ramadhani, na nyumba ambayo haijasahau namna ya kungoja adhana ndiyo itakayoweza kukusanya watu wake wote.

Michango ya fedha ifutwe kwa upande wa chai. Kila nyumba ilete sahani moja ya kitu inachokiweza, na wale waliokupigia simu kwa siri waambie waje mapema kukanda unga na kukaanga, bila kumwambia mtu mwingine kwamba walipiga. Sare ya kitenge iwe hiari ya wanaokwenda kanisani tarehe 25; uani Jumamosi kila mtu avae nguo yake, maana sare humtambulisha asiyenayo hata kabla hajaketi.

Mkishazungumza na wifi, ujumbe huu, au unaofanana nao, uingie kwenye kundi kwa jina la mumeo: "Ndugu zangu, Ijumaa tarehe 25 tutasali, kisha tutakula nyumbani, na dada ndiye mwenye shughuli ya mchana. Jumamosi tarehe 26 ni chai ya mama, uani, kuanzia saa kumi na nusu hadi kabla ya magharibi, sisi sote pamoja na majirani. Hakuna mchango wa fedha wala sare. Kila nyumba ije na sahani moja, na asiyejaaliwa sahani aje na mikono. Siku hiyo uani hapatakuwa na bia wala muziki." Autume mapema, kabla mtu hajakata kitenge dukani, kwa sababu aliyekwishalipa hatasikia la mtu.

Somo